Safari ya Yuan Moja, Gharama ya Yuan Mbili: Hesabu ya Baiskeli Katika Miji ya China

Kati ya tarehe 4 na 30 Aprili 2018, baiskeli za kukodi za kampuni ya Mobike zilifanya safari zaidi ya milioni 260, nyingi kati ya hizo katika miji ya China. Mapato yalikuwa yuan milioni 147, yaani wastani wa yuan 0.56 kwa safari. Uchakavu wa baiskeli peke yake ulikula yuan milioni 396, na uendeshaji ukameza milioni 158 nyingine. Ukigawa kwa idadi ya safari, kumhudumia kila mteja aliyepanda na kushuka kuliigharimu kampuni takriban yuan 2.13. Hasara ya jumla ilifika yuan milioni 407, na mwezi ulikuwa bado haujatimia.

Takwimu hizo zimo katika waraka ambao kampuni ya Meituan iliutoa mwaka huohuo kabla ya kuuza hisa zake katika soko la Hong Kong. Meituan ndiyo iliyokuwa imetoka kuinunua Mobike kwa dola bilioni 2.7 za Marekani.

Msomaji aliyezoea kusikia kwamba China ni nchi ya baiskeli ana haki ya kushangaa. Wapandaji wapo kwa mamia ya mamilioni. Viwanda vipo. Chuma kipo. Iweje biashara ya baiskeli ipoteze zaidi ya yuan 1.5 kila anapopanda mtu? Jibu linahitaji hesabu ya zaidi ya miaka 40, na linaonyesha jambo moja: katika mji mkubwa, baiskeli yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama ya kuendesha baiskeli. Fedha nyingi huenda kwenye nafasi ya kupita, mahali pa kuegesha, na mikono inayoitunza na kuihamisha.

(Kwa kukadiria, yuan 1 ni kama shilingi 18 za Kenya. Kwa fedha ya Tanzania imekuwa ikicheza karibu na shilingi 350.)

Mshahara wa miezi mitatu

Mwaka 1978 mfanyakazi wa mjini nchini China alilipwa wastani wa yuan 615 kwa mwaka, yaani kama yuan 51 kwa mwezi. Baiskeli ya jina, iwe Flying Pigeon ya Tianjin, au Phoenix na Forever za Shanghai, iliuzwa kwa zaidi ya yuan 150. Huo ni mshahara wa miezi mitatu, mtu asipokula wala kulipa chochote. Na fedha hazikutosha. Ilihitajika pia kuponi ya mgao, iliyopatikana kupitia mahali pa kazi, na kuponi zilikuwa chache kuliko waliozitaka.

Ndiyo maana baiskeli ilihesabiwa miongoni mwa vitu vinne ambavyo familia ya bwana harusi wa mjini ilitarajiwa kuvipata: saa ya mkononi, baiskeli, cherehani na redio. Flying Pigeon yenyewe, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, ilikuwa nyeusi, yenye rimu kubwa za inchi 28, breki za vyuma virefu, mnyororo uliofunikwa wote na keria imara nyuma. Ilikuwa nzito, lakini ilibeba gunia la mchele, mtoto mbele na mke nyuma bila kulalamika. Ilisajiliwa na kupewa namba kama gari.

Mfumo mzima ulizunguka chombo hicho. Nje ya masoko na majumba ya sinema kulikuwa na maegesho yenye walinzi, mara nyingi wanawake wazee. Mlinzi alitundika kibao chenye namba kwenye usukani, akampa mwenye baiskeli kibao pacha, na akatoza fen 2 (yuan 1 ni fen 100). Pembezoni mwa barabara alikaa fundi na beseni la maji, pampu na vipande vya mpira. Tyubu ilizamishwa majini, povu likaonyesha pancha ilipo, ikazibwa papo hapo. Kila gharama ilikuwa na mlipaji anayejulikana: mwenye baiskeli alinunua, alilipia maegesho na alilipia fundi.

Leo bei imeporomoka. Mwaka 2023 wastani wa mshahara katika sekta binafsi mijini ulikuwa yuan 68,340 kwa mwaka, karibu 5,700 kwa mwezi. Baiskeli mpya ya kawaida ya kwendea kazini hupatikana kwa takriban yuan 500. Kilichokuwa kazi ya siku zaidi ya 70 sasa ni kazi ya siku 2.

Kwa mantiki ya bei, basi, barabara zingefurika baiskeli. Kilichotokea ni kinyume. Katikati ya miaka ya 1990 China ilikadiriwa kuwa na baiskeli milioni 670. Miaka 10 baadaye zilikuwa kama milioni 435. Mjini Beijing, mwaka 1986, takriban asilimia 63 ya safari zilifanywa kwa baiskeli. Mwaka 2000 ilikuwa asilimia 38 hivi, na kufikia 2010 ilikuwa chini ya 20. Baiskeli iliachwa katika miaka ileile iliyokuwa ikizidi kuwa rahisi. Sababu itafutwe kwingine.

Umbali na upana wa barabara

Sababu ya kwanza ni umbali. Katika mji wa zamani, kiwanda au ofisi ya serikali iliwapa wafanyakazi wake nyumba karibu na kazi, mara nyingi ndani ya ua mmoja. Safari ya kazini ilikuwa kilomita chache. Mwaka 1998 serikali ilisitisha utaratibu wa kugawa nyumba kupitia kazi, na watu wakaanza kununua katika mitaa mipya ya pembezoni. Mtu anayelala Huilongguan, kaskazini mwa Beijing, akafanya kazi katikati ya mji, hawezi kukanyaga pedali umbali ule mara mbili kwa siku kila siku.

Sababu ya pili ni nafasi. Beijing ilifikisha magari milioni 1 mwaka 1997 na milioni 5 mwaka 2012. Njia pana za baiskeli zilizojengwa zamani zilianza kumegwa: huku maegesho ya magari, kule njia ya kupinda kulia, pengine mabasi. Shanghai ilikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa 2003 ilitangaza mpango wa kuziondoa baiskeli katika barabara zake kuu.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wapangaji wa miji, njia moja ya barabara yenye upana wa meta 3.5 hupitisha watu 2,000 kwa saa wakiwa ndani ya magari, na 14,000 wakiwa juu ya baiskeli. Mji unaobadilisha njia ya baiskeli kuwa ya magari unapunguza uwezo wake wa kusafirisha watu mara saba, kisha unashangaa foleni.

Wakuu wa miji walilijua hilo, na bei walizoweka zinawashuhudia. Shanghai huuza namba za magari kwa mnada, na kwa miaka kadhaa namba moja imegharimu karibu yuan 90,000. Ni kibati tu, gari lenyewe bado. Fedha hiyo inanunua baiskeli 180. Beijing nayo ilianza bahati nasibu ya namba mwaka 2011. Serikali ikishafikia kuuza au kupigia kura haki ya kuweka gari barabarani, imekiri kwamba nafasi ya barabara ndiyo bidhaa adimu kuliko zote mjini.

Wakati huohuo treni za chini ya ardhi zilitanuka. Mwanzoni mwa 2002 Beijing ilikuwa na njia 2 tu, na leo mtandao wake unazidi kilomita 800. Treni ilimaliza tatizo la kilomita 20 na kuacha la kilomita 1, lile la kutoka kituoni hadi mlangoni. Kwa miguu ni mbali, kwa teksi ni ghali. Pengo hilo ndilo lililorudisha baiskeli, safari hii ikiwa ya kukodi.

Amana zilizogeuka mtaji

Hangzhou ilitangulia. Mei 2008 mji huo ulizindua baiskeli za umma zilizofungwa kwenye vituo maalumu. Saa ya kwanza ilikuwa bure, ya pili yuan 1. Ilianza na baiskeli 2,800, na ndani ya miaka 5 zilizidi 60,000. Mji ulilibeba jambo hilo kama huduma, sawa na taa za barabarani.

Kisha wakaja wenye mitaji. Kampuni ya ofo ilianzishwa mwaka 2014 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, na Mobike ikaingia Shanghai Aprili 2016. Hakukuwa tena na kituo. Unapiga picha msimbo wa QR kwa simu, kufuli linafunguka, unapanda, unaiacha popote. Bei ilikuwa karibu yuan 1 kwa nusu saa au saa nzima, na mara nyingi ilishuka zaidi kwa ofa.

Kampuni hizo mbili zilikuwa na hesabu tofauti. Baiskeli ya kwanza ya Mobike iligharimu karibu yuan 3,000. Matairi yake hayakujazwa upepo, haikuwa na mnyororo wa kukatika, na kufuli lake liliripoti mahali ilipo. Ya ofo iligharimu yuan 300 hivi. Ilikuwa baiskeli ya kawaida iliyopakwa rangi ya njano, na mwanzoni kufuli lake lilikuwa la tarakimu zisizobadilika. Aliyeikariri namba mara moja aliweza kuipanda bure siku zote.

Chukua takwimu za Aprili 2018. Mobike ilikuwa na baiskeli milioni 7.1 zilizokuwa kazini, kwa hiyo kila moja ilipandwa wastani wa mara 1.36 kwa siku. Kwa yuan 0.56 kwa safari, baiskeli ililetea kampuni kama yuan 0.77 kwa siku. Ile ya yuan 3,000 ingehitaji zaidi ya miaka 10 kurudisha bei yake. Ile ya yuan 300 ingehitaji zaidi ya mwaka mmoja, kabla ya kumlipa mfanyakazi hata mmoja. Miongozo ya miji kadhaa, ukiwemo wa Shanghai, inataka baiskeli ya kukodi iondolewe barabarani baada ya miaka 3. Kwa kasi hiyo, baiskeli ya kudumu isingerudisha fedha katika maisha yake, na ya bei ndogo ingeharibika au kupotea njiani.

Fedha zilitoka wapi? Kwa wawekezaji, na kwa wapandaji wenyewe. Mobike ilidai amana ya yuan 299, na ofo ilianza na 99 kisha ikapandisha hadi 199. Kufikia mwisho wa 2017 Wizara ya Uchukuzi ilihesabu kampuni 77, baiskeli milioni 23 na watumiaji milioni 221. Hao ni karibu watumiaji 10 kwa kila baiskeli. Watu 10 wakiweka yuan 99 kila mmoja, zinapatikana yuan 990, bei ya baiskeli 3 za njano. Mteja alidhani ameweka dhamana, kumbe pamoja na wenzake alikuwa amekwisha kuzinunua.

Mchezo huo hukoma siku amana mpya zinapokoma. Juni 2017 kampuni ndogo ya Wukong, mjini Chongqing, ilifunga baada ya asilimia 90 ya baiskeli zake 1,200 kupotea. Novemba mwaka huo ikaanguka Bluegogo. Mwaka 2018 kiwanda cha Phoenix, kilichokuwa kimekubaliana na ofo kuitengenezea mamilioni ya baiskeli, kiliishitaki kwa deni la zaidi ya yuan milioni 68. Desemba mwaka huohuo watu walipanga foleni kwenye baridi nje ya ofisi za ofo mjini Beijing kudai amana zao, na foleni ya mtandaoni ikapita watu milioni 10. Hata kwa amana ndogo ya yuan 99, hilo ni deni la karibu yuan bilioni 1.

Hata zingekuwa za bure

Turudi kwenye takwimu moja ya Mobike ambayo haikuzungumzwa sana. Gharama za uendeshaji pekee, bila uchakavu, zilikuwa yuan 0.61 kwa safari. Mapato yalikuwa yuan 0.56. Maana yake ni kwamba hata kama kiwanda kingeipa kampuni baiskeli zote bure, bado ingepata hasara.

Uendeshaji ni nini? Ni watu na magari. Asubuhi baiskeli zote za mtaa hukimbilia kituo cha treni na kurundikana mlangoni hadi wenye miguu wakose pa kupita. Jioni hurundikana kwenye majumba. Kati ya hapo lazima vijana wazipakie kwenye malori madogo na maguta ya injini, wazirudishe zinakohitajika, watoe zilizopinda rimu, zilizokosa kiti, zilizotupwa mtoni. Abiria huondoka akiwa amelipa yuan yake moja, lakini baiskeli aliyoiacha mahali pabaya ina safari nyingine ya kulipiwa.

Novemba 2024 mambo hayo yalionekana kwa ukubwa wake. Wanafunzi wa Zhengzhou, mkoani Henan, walikuwa wamezoea kupanda baiskeli za kukodi usiku kwenda Kaifeng, umbali wa kilomita 50 hivi, kula maandazi ya mvuke yenye mchuzi ndani. Usiku wa tarehe 8 mwezi huo walijitokeza zaidi ya 100,000. Barabara ilijaa pomoni, Kaifeng ikazidiwa na baiskeli zisizo zake, na kampuni zikatangaza kwamba baiskeli itakayotoka nje ya eneo lake itajifunga yenyewe. Vijana walilipa yuan chache. Kurudisha makumi ya maelfu ya baiskeli kilomita 50 lilikuwa deni la mtu mwingine.

Kupunguza ndiko kulikolipa

Dawa ilitoka serikalini, na ilikuwa kinyume cha mawazo ya wawekezaji. Septemba 2017 Beijing, ikiwa na baiskeli za kukodi milioni 2.35 kutoka kampuni 15, ilizuia kuongezwa kwa nyingine. Kisha ikaweka mgao kwa kila kampuni na kuupunguza hatua kwa hatua hadi jumla ikawa chini ya milioni 1.

Kwa nini kupunguza kulisaidia? Uchakavu hauongezeki sana baiskeli ikipandwa mara nyingi. Kufuli na fremu huzeeka hata zikiwa zimeegeshwa kwenye mvua. Kwa takwimu za 2018, uchakavu ulikuwa yuan 1.52 kwa safari. Baiskeli hiyohiyo ikipandwa mara mbili zaidi, yaani 2.7 kwa siku, uchakavu kwa safari unashuka hadi 0.76. Ongeza 0.61 za uendeshaji, unapata yuan 1.37. Kampuni tatu zilizobaki na soko, Meituan, Hello na Qingju ya Didi, zimepandisha bei hadi karibu yuan 1.5 kwa safari fupi, na huuza pia vifurushi vya mwezi. Beijing sasa hupata karibu safari bilioni 1 za baiskeli za kukodi kwa mwaka. Kwa baiskeli zinazokaribia milioni 1, hiyo ni takriban 2.7 kwa siku kwa kila moja. Yaani baiskeli pungufu ya nusu, na hesabu inakaribia kufunga.

Miji pia ilianza kurudisha nafasi. Januari 2017 Xiamen ilifungua njia ya juu ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 7.6, chini ya daraja la mabasi ya mwendokasi. Mei 2019 Beijing ikafungua njia ya kilomita 6.5 ya baiskeli tupu kati ya Huilongguan na Shangdi, eneo lenye ofisi nyingi za teknolojia. Haina taa za barabarani za kusimamisha, wala gari.

Umeme umeingia, hesabu ni ileile

Aliye na safari ndefu kwa pedali amehamia kwenye umeme. China ina baiskeli za umeme takriban milioni 350, moja kwa kila watu wanne. Bei yake ni kati ya yuan 2,000 na 4,000. Betri ya kawaida ya volti 48 na saa-ampea 20 huchukua karibu uniti 1 ya umeme, na kwa bei ya nyumbani mjini Beijing hiyo ni karibu nusu yuan kwa mwendo wa kilomita 40 hivi. Mamilioni ya vijana wanaopeleka vyakula wanaishi kwa hesabu hiyo. Meituan peke yake ililipa wasafirishaji milioni 7.45 mwaka 2023.

Gharama iliyofichika imejitokeza pengine: wapi pa kuchaji. Mwaka 2023 China iliripoti mioto 21,000 ya baiskeli za umeme. Februari 2024, mjini Nanjing, moto ulioanzia ghorofa ya chini palipoegeshwa baiskeli hizo uliua watu 15. Kiwango cha taifa kilichoanza Aprili 2019 kilikuwa kimekwisha kuweka kikomo cha kasi ya kilomita 25 kwa saa, uzito wa kilo 55 na mota ya wati 400. Kanuni zilizofuata zimebana betri na vifaa vinavyoweza kuwaka. Mabanda salama ya kuchajia, nje ya ngazi na lifti, yanahitaji ardhi na fedha, na hayamo katika bei ya dukani.

Uamuzi

Baiskeli za Phoenix zinajulikana Afrika Mashariki. Zimebeba mkaa, maziwa, ndizi na abiria kwa miaka mingi, na wenye nazo wanajua bei ya spoki na ya kuziba pancha kuliko mchambuzi yeyote. Huku kwetu gharama zote bado ziko mgongoni mwa mwenye chombo, pamoja na ile ya kupita barabara isiyo na nafasi yake. China imeonyesha kinachotokea mtu mwingine anapoahidi kuzibeba kwa niaba ya mpandaji bila kupiga hesabu kwanza.

Kwa hiyo mji wako ukitangaza mradi wa baiskeli, usiridhike na idadi zitakazonunuliwa, maana hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Uliza njia ipi ya magari itapunguzwa upana. Uliza nani atalipwa kila siku kuzipanga na kuzitengeneza. Uliza kila moja inatarajiwa kupandwa mara ngapi kwa siku. Wenye mradi wakikosa jibu la hayo matatu, fedha hizo zifanye kazi moja tu: zijenge njia, wananchi watajinunulia baiskeli wenyewe.